Pampu ya Tongaren

Ukiwa Kitale na unataka mtu wa kukuwekea tangi la samaki wa mapambo, utaambiwa umtafute Wangila, na ukimpata utamsubiri, maana Wangila ana wateja wengi na ahadi nyingi kuwashinda wateja. Ni mtu mwembamba, wa maneno matamu, na mikono yake hunuka majani ya majini hata akiwa kanisani. Wakati huo alikuwa na nywele nyeusi tii, ndefu, alizozipaka mafuta na kuzichana mara nne kwa siku. Tuzikumbuke nywele hizo.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi la barabara iendayo mji wa Kwanza limetua juu ya kila dirisha, aliingia kliniki ya meno ya Daktari Mukami kushughulikia tangi la pale mapokezi. Lilikuwa tangi refu kama kitanda, lenye samaki wa dhahabu ishirini na watatu, na liliwekwa pale ili wagonjwa wasahau kwamba katika chumba cha ndani kuna mtu mwenye sindano. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na pampu ya kuzungusha maji. Pampu hiyo ikiziba, maji husimama. Maji yakisimama, hewa huisha, na kufikia jioni samaki wanaelea tumbo juu.

Siku hiyo alikuja kufunga kidude cha kuilinda pampu. Lorna, msichana wa mapokezi, alitoka nyuma ya meza yake kutazama.

"Hiki kinapima vile maji inatembea," Wangila alimweleza. "Maji ikipungua nguvu, kinanitumia meseji. Nikijibu 'nimeona', kinanyamaza. Nisipojibu dakika mbili, kinatumia wewe. Na wewe ukikaa kimya, kinatumia daktari."

"Na kama umejibu na hujaona?" Lorna aliuliza akicheka. "Si samaki watakufa tu, na sisi wengine hatujaambiwa?"

Wangila hakucheka. Alisema ana kiu, akatoka nje kununua maji, na alivyokawia huko Lorna alidhani amemvunjia heshima. Aliporudi aliinamia kazi yake. Alimaliza kuunganisha nyaya, akaiandikia pampu jina lake kwenye simu, KLINIKI, akajaribu mara mbili, kila kitu kikawa sawa.

Saa nne na dakika ishirini simu yake ilitetemeka mfukoni.

PAMPU 1: MAJI HAYAPITI.

Akatazama tangi. Maji yalikuwa yanakwenda vizuri, majani ya bandia yakipepea, samaki wakiogelea bila shida. Vidude vipya huwa na wazimu wao, akajiambia. Kisha akasoma tena. Pampu hii haikuitwa PAMPU 1. Jina hilo lilikuwa la kidude kingine, cha nyumbani kwao Tongaren, na hicho kilikuwa ndani ya droo chumbani kwake, bila betri, tangu mwezi wa kumi na moja.

Hata hivyo fundi ni fundi. Akazima umeme, akafungua kifuniko cha kioo kwa ufunguo aliokuwa nao yeye peke yake, akaitoa pampu na kuufungua mdomo wake. Ndani mlikuwa na nywele. Tano au sita hivi, nyeupe, laini, zimejiviringa kwenye kile kipande kinachozunguka na kusukuma maji.

"Hizo ni za nani sasa?" Lorna aliuliza. "Leo hakuna mzee ameingia hapa."

Alizifunga ndani ya karatasi laini, akazitia mfukoni, akairudisha pampu mahali pake. Alikuwa bado anafunga kifuniko wakati simu ilipolia, na safari hii ilikuwa sauti ya mtu aliye hai, baba yake mdogo Mukhwana, kutoka Tongaren.

"Wangila mwanangu. Jumamosi, kuja nyumbani. Hii mambo imekaa sana. Kichwa yako bado iko na nywere za kilio, na si vizuri."

"Nitakuja, baba."

"Na ile maneno ya Phelista tunamaliza siku hiyo hiyo. Amefunga vitu yake. Ataenda na wasichana wake. Rakini neno ya mwisho ni yako, wewe ndio ulisema. Urudie tu vile ulisema, wazee wasikie, aende."

Wangila akasema ndiyo. Alisema ndiyo haraka, kama alivyozoea kujibu kila kitu, na mkono wake ukiwa bado umelowa maji ya tangi.

Hapa sasa lazima tuseme jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Mama yake, Sellah, alikuwa na tangi la saruji nyuma ya nyumba kule Tongaren, maji ya kufika kiunoni, alimokuwa akilea vifaranga vya kambale kwa watu wenye mabwawa. Tangi alilijenga Wangila. Pampu yenye nguvu aliiweka Wangila. Kidude cha kutuma meseji, vilevile. Orodha ya wa kuambiwa ilikuwa hivi: kwanza yeye, kwa sababu ndiye mjuzi, pili Phelista, mjane wa marehemu kaka yake, aliyeishi boma hilo hilo na mabinti zake wawili, mwisho mama mwenyewe, ambaye hakupenda mambo ya kusoma simu.

"Hii kitu yako inajua kulia tu," mama alikuwa akimwambia. "Mbona haiwezi kusema siku ile mambo iko sawa? Hata mtoto akishiba hunyamaza ukaona ameshiba."

Wangila aliahidi kuongeza ujumbe wa heri. Hakuongeza.

Majani ya migomba yalikuwa yakiziba chujio la pampu kila siku, na kila siku meseji zikaja, asubuhi, mchana, akiwa kazini, akiwa mezani. Akachoka. Siku moja alipokwenda nyumbani akaking'oa kifuniko cha chujio, ili takataka zipite na simu ipumue. Meseji zikapungua, ila hazikuisha. Na kidole gumba chake kikazoea kuandika NIMEONA bila yeye kutazama.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa nne na dakika ishirini za asubuhi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi pale Kitale, akichongwa nywele pembeni. Simu ikatetemeka chini ya shuka. PAMPU 1: MAJI HAYAPITI. Akaandika NIMEONA, akamwambia kinyozi aendelee, asiguse za juu.

Kilichokuwa kimeziba pampu ni mama yake.

Aliinama kuokota jani. Kitambaa kikamtoka kichwani, misuko yake ikavutwa ndani ya mdomo ule usio na kifuniko, na kichwa kikafuata. Phelista alikuwa akivunja mahindi upande wa pili wa ua, simu ndani ya mfuko wa aproni. Lakini simu yake haikulia. Mtu wa kwanza kwenye orodha alikuwa ameshajibu kwamba ameona.

Walimpata mama saa sita.

Wangila alipofika, watu walikuwa ndani wakilia, na yeye akaenda nyuma peke yake. Aliitoa ile pampu, akaificha ndani ya gunia, asije mtu akauliza kifuniko kiko wapi. Alipokuwa akiinuka, akaona ukuta wa tangi. Ukoga wa kijani ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha. Mikwaruzo ilikuwa mingi sana. Haikuwa ya dakika moja, wala ya mbili.

Na walipomuuliza, wewe si uliweka mashine ya kutuambia, mbona haikusema kitu, alifungua kinywa na maneno yakatoka yenyewe.

"Ilituma. Ilitumia Phelista."

"Mulamwa," Phelista alisema, akimwita kwa heshima ya shemeji, "mimi sikupata kitu."

Nani angemwamini? Fundi amesema. Jioni hiyo wakaanza kuhesabu: alianza na mume, sasa ni mama mkwe. Mmoja akasema alishawahi kumwona alfajiri akiongea na maji ya tangi. Mwingine akasema ana dawa ya kulaza simu za watu. Kufikia siku ya maziko, neno uchawi lilikuwa likitembea hadharani mbele ya watoto wake, na Wangila aliyelianzisha alikaa kwenye kiti cha plastiki akala wali.

Kwao, siku ya tatu baada ya maziko, kila mtu wa familia hunyolewa. Shangazi hushika wembe, na kabla hajaanza humuuliza kila mmoja swali moja: marehemu alipokuita mara ya mwisho, ulimwitika vipi? Ukijibu ndipo wembe unapita. Nywele huzikwa kando ya migomba, na kilio kinaisha. Wangila alipoona shangazi yake Roselyne akichota maji kwenye karai, alisema ameitwa kazini kwa haraka, akaondoka kupitia nyuma ya jikoni.

Ile pampu ilibaki naye. Kuitupa aliogopa, kuitazama aliogopa vilevile. Pampu ya kliniki ilipoungua mwezi wa kwanza na madukani hakuna nyingine ya ukubwa ule, aliichemshia maji ya siki, akaifungia kifuniko kipya, akaiweka. Alijiambia pampu ni pampu tu.

Jumanne, saa nne na dakika ishirini, meseji ikaja. Nywele zilijaa kiganja.

Jumatano ulikuwa msuko. Msuko mzima, mwembamba, wa mvi, umefungwa ncha kwa uzi mwekundu. Phelista ndiye aliyekuwa akimsuka mama mkwe wake kila Jumapili baada ya ibada, na kila ncha aliifunga kwa uzi mwekundu, maana mama alisema rangi hiyo inamkumbusha usichana wake. Wangila aliukata ule uzi kwa mkasi. Akajuta papo hapo, asijue kwa nini.

Alhamisi hakungoja. Saa nne na robo alichomoa waya wa umeme, akaushika mkononi, akasimama mbele ya tangi. Maji yalipaswa kusimama. Hayakusimama. Yalizunguka polepole, kisha kwa kasi. Samaki wote ishirini na watatu walikusanyika kona moja. Wameelekeza vichwa kwenye mdomo wa pampu. Hawatikisi hata pezi. Simu ikatetemeka, na waya ulikuwa bado mkononi mwake.

Ijumaa hakwenda. Alikaa hotelini upande wa pili wa mji, akaagiza chai na chapati, akaiweka simu mezani kifudifudi. Watu walikuwa wakiongea bei ya mahindi ya Suam. Jua lilikuwa kali. Wakati ulipofika, simu ikaanza kusogea juu ya meza. Akaigeuza.

PAMPU 1: MAJI HAYAPITI.

Akaandika haraka. NIMEONA.

Kidude hakikuwahi kujibu mtu. Wangila alijua kila neno lililokuwa ndani yake, kwa sababu ndiye aliyeliweka.

HUJAONA.

Akaandika tena. NIMEONA.

HUJAONA.

Akaandika mara mbili. NIMEONA. NIMEONA.

HUJAONA. HUJAONA.

Aliacha chai na chapati bila kuvigusa. Alifika kliniki akihema, akazima umeme, akaitoa pampu, akaiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko, na mahali pake akafunga pampu ndogo ya kuazima. Lorna alimfuata hadi kwenye tangi. Alinong'ona, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

"Wangila. Kuna mama amekuwa akija kukaa hapo kwa benchi."

"Mama gani?"

"Simjui. Tangu Jumatatu. Huwa simwoni akiingia. Nikimuuliza kama anataka daktari, haongei. Anaangalia samaki tu. Akienda, benchi inabaki na maji."

Wangila alikaza kifuniko cha ndoo.

"Amevaa kitambaa kichwani?"

"Hapana," Lorna akasema. "Kichwa wazi. Na upande mmoja hakuna nywele."

Usiku huo alilala taa ikiwaka, kama unaweza kukuita kulala. Alijua cha kufanya tangu miezi mitatu iliyopita. Lakini hata kulipokucha Jumamosi, njiani kwenda Tongaren, ndoo ikiwa kati ya miguu yake, alikuwa bado anapanga namna ya kusema bila kusema. Labda aseme mtandao ulikuwa mbaya. Labda aseme kidude kilikosea. Angemwokoa Phelista bila kujichafua. Bado alikuwa anatafuta mlango wa nyuma.

Boma lilikuwa limefagiliwa. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba ya mama, Mukhwana akiwa katikati na fimbo yake. Nyuma tangi lilikuwa tupu, limepasuka nyufa kwa jua. Karibu na lango alisimama Phelista, nywele zake fupi zilizoota baada ya kunyolewa, magunia mawili miguuni, mabinti zake wamemshika sketi. Hakumwangalia Wangila. Yeye ndiye aliyemlea mama mgonjwa wa presha miaka sita, ndiye aliyemtoa majini kwa mikono yake, na sasa alikuwa anangoja neno la mtu mmoja ili aondoke.

"Ameleta nini na ndoo?" mzee mmoja aliuliza.

Shangazi Roselyne, wifi mdogo wa mama, mtu mwenye macho makavu, alimkalisha kwenye kigoda. Aliweka karai la maji safi mbele yake, akafungua wembe mpya.

"Tunaanza na kichwa," alisema. "Halafu hayo mengine. Wangila, mwana wa ndugu yangu. Mama yako alipokuita mara ya mwisho, ulimwitika vipi?"

Wangila akafungua kinywa aseme kuhusu mtandao.

Maji ya karai yakaanza kuzunguka.

Yalizunguka polepole. Hakuna aliyekuwa ameyagusa. Shangazi alibaki na wembe hewani. Katikati ya maji nywele nyeupe zilianza kupanda kutoka chini, moja, tatu, kumi, zikizunguka na maji.

"Nani amenyolewa hapa?" shangazi alinong'ona. "Mimi nimechota maji safi."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Wangila. Hakuitoa. Ndani ya ndoo, pampu isiyo na umeme ikaanza kunguruma.

"Aliniita saa nne na dakika ishirini," Wangila akasema.

Sauti yake ilitoka ndogo. Shangazi akamwambia aseme wasikie.

"Meseji ilikuja kwangu. Si kwa Phelista. Ilikuja kwangu mimi, nikiwa kwa kinyozi. Nikajibu nimeona. Sikuwa nimeona. Ndio maana simu ya Phelista haikulia, mimi ndiye niliinyamazisha. Na kifuniko ya chujio nilitoa mimi. Mama alishikwa nywele kwa sababu yangu. Phelista hakufanya kitu. Nilimsingizia. Nilimsingizia na nikakaa hapa nikala."

Maji yakasimama. Ndoo ikanyamaza. Jogoo aliwika mahali fulani, na mtoto mdogo wa Phelista akauliza kama bado wanaenda.

Mukhwana alikohoa. Alitazama wenzake, wakatazamana, na muda si mrefu mmoja akasema ni shetani tu huyo. Mwingine akasema kijana alisahau, nani hajawahi kusahau simu. Mtoto wa nyumbani amesema ukweli, tushukuru Mungu, shangazi anyoe, watu wale. Ilikwisha haraka namna hiyo. Mwanamke waliyekuwa wamemhukumu miezi mitatu bila ushahidi alikuwa bado amesimama langoni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia pole.

Wangila alitamani wampige. Kusamehewa vile kulimchoma zaidi ya fimbo.

Phelista ndiye aliyekuja. Aliwaacha wasichana, akapita katikati ya wazee, akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Nionyeshe vile ulijibu."

"Mulamwa..." Wangila akaanza.

"Toa simu. Nionyeshe."

Akaitoa. Mbele yake akaandika, kidole kikiteleza kwa jasho. Phelista aliifuata kila herufi, akihesabu kwa sauti ya chini hadi saba.

"Hizo tu?"

"Hizo tu."

"Nilikuwa hapo," alisema, akionyesha ua kwa kidevu. "Hapo tu kwa mahindi, mulamwa. Ningekimbia. Ningefika kabla hujamaliza kuandika."

Hakupandisha sauti wala hakulia. Alirudi langoni, akabeba gunia moja, akaliingiza tena ndani ya nyumba yake, kisha la pili. Mlango ukafungwa. Wangila aliinamisha kichwa mbele ya wembe, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, machozi na nywele nyeusi vikidondoka pamoja ndani ya karai.

Walizika vyote kando ya migomba: nywele zake, msuko wa mvi na ule uzi mwekundu, zile nywele za Jumatatu na Jumanne zilizokuwa bado kwenye karatasi, na pampu yenyewe ndani ya ndoo yake. Shangazi alimwaga maji ya karai juu ya udongo. Udongo mkavu uliyanywa mara moja.

Jumatatu iliyofuata, Wangila aliketi kwenye benchi la kliniki kuanzia saa tatu, kipara kikimetameta, akiitazama ile pampu ya kuazima ikifanya kazi yake. Kidude alikuwa amekizima na kukitoa kabisa. Alitaka kuona kwa macho. Lorna alimletea chai, hakumuuliza chochote juu ya kichwa chake.

Saa nne na dakika ishirini ikafika. Simu ikabaki kimya. Wangila akashusha pumzi ndefu iliyokuwa imemkaa tangu mwezi wa kumi na moja.

Dakika moja baadaye simu ikalia. Alikuwa Phelista.

"Mulamwa." Alikuwa ananong'ona. "Ni wewe umenitumia hii meseji?"

"Meseji gani?"

"Imeandikwa, 'Pampu 1: maji yanapita.'"

Wangila akasimama. Ujumbe wa heri. Ule aliomwahidi mama, asiuandike. Haukuwemo ndani ya kidude chochote duniani.

"Si mimi," akasema.

"Niko hapa kwa migomba," Phelista akaendelea, taratibu. "Pale mlizika. Mvua haijanyesha, unajua. Lakini kumelowa, udongo yote. Na huku chini kunanguruma." "Kuna uzi mwekundu umetokea kwa udongo. Mrefu. Nivute?"

Alikuwa mwepesi wa kujibu maisha yake yote. Safari hii alishika kwanza ukingo wa tangi, na samaki wote ishirini na watatu wakageuka kumtazama.

"Usivute," akasema. "Usiguse kitu, toa wasichana hapo. Nakuja kuona mwenyewe."

Akatoka mbio, akaacha chai na mkoba wa vifaa. Lorna alitoka na kitambaa kwenda kupangusa benchi, kwa kuwa palikuwa na maji yanadondoka sakafuni, ya baridi, yenye harufu ya ukoga. Asubuhi hiyo hakuwa ameketi hapo mtu mwingine ila Wangila. Wangila aliketi upande wa kushoto, karibu na mlango. Maji yalikuwa upande wa kulia, ubavuni pake.